Makomamanga ya Gershom Kenga

Mgonjwa wako akizidiwa leo, wewe utajuaje kama atapona au atakufa?

Usinijibu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Hilo nalijua, na Gershom Kenga alilijua zaidi yangu, maana hakukosa kanisani hata Jumapili moja. Nakuuliza wewe. Utamgusa paji la uso? Utasikiliza anavyopumua? Ndivyo tulivyofanya sote mwaka ule wa 1948, wakati wa upepo wa kusi, mafua makali yalipoingia Kisauni na kubisha nyumba hadi nyumba. Tulikosea mara nyingi. Mtu aliyeweweseka mchana kutwa tulishtukia ameketi, anaomba uji, na mwenzake aliyekuwa akitaniana na wageni wake akazikwa kesho yake. Gershom aliligeuza swali. Yeye aliuliza kama damu haijui mapema kuliko sisi.

Nilikuwa nimerudi kutoka Makerere, nikifundisha shule ya misheni, na nilikuwa nimepanga chumba katika nyumba yake huko Magogoni. Kwa hiyo haya ninayoyaandika sikusimuliwa. Tulikula sahani moja, yeye na mimi, na mkewe Kadzo akitucheka wote wawili: mimi kwa vitabu vyangu, mumewe kwa vioo vyake vya kutazamia damu.

Gershom alikuwa mfupi wa kimo, mpana wa mabega, na mguu wake wa kushoto ulivuta kidogo. Alivaa koti la jeshi lenye vifungo vya shaba hata jua likiwa la utosi. Kunyamaza hakukujua. Ukimpa salamu aliushika mkono wako, akaugeuza aone kucha zako zina wekundu au zimepauka, kisha ndipo akaitikia.

Mguu ule uliumia mnazini. Baba yake alikuwa mgema kule Ribe, naye Gershom alianza kupanda minazi kabla hajajua kusoma. Mgema, kwa asiyemjua, hupanda mnazi asubuhi, adhuhuri na jioni, na kila mara hukata ncha ya karara, ala ya maua ya mnazi, kwa kisu chake kiitwacho kotama, ukanda mwembamba kama ganda la kitunguu, ili utomvu uendelee kudondoka kibuyuni. Huo ndio utakaokuwa tembo, pombe ya mnazi. Kabla ya kushuka huonja. Ladha ikibadilika, hujua mnazi una jambo, ingawa makuti yake yangali mabichi na mpita njia anausifu.

"Mti hauna mdomo," Gershom alikuwa akisema, "lakini una utomvu. Mwanadamu ana mdomo, na huutumia kuongopa. Ukimuuliza hali, atakwambia njema."

Alipoanguka, baba yake alimpeleka shule ya misheni, kwa kuwa mtoto asiyeweza kupanda hana budi asome. Vita vilipokuja, jeshi lilimchukua hadi Burma, na huko, katika hospitali ya mahema, akafundishwa kutazama damu kwa hadubini na kuvitafuta vijidudu vya malaria. Alirudi na koti na ujuzi ule. Zahanati ya misheni ikampa meza barazani, karibu na mwanga, na hadubini moja. Moja, kwa watu wote wa upande wetu! Nilipomuuliza daktari wa zahanati kama watu wa ng'ambo nao hugawana hadubini moja kwa mji mzima, alisafisha miwani yake na kuniambia kwamba hilo angelipenda kuwauliza wakubwa wake vilevile.

Sasa nikueleze makomamanga.

Tone la damu ukilivuta juu ya kioo likawa jembamba, ukalikausha, ukalimwagia rangi na kulisuuza kwa maji, huona chembe nyekundu zimetapakaa kama mchanga wa pwani. Katikati yake, moja hapa na moja kule, mna chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Namna moja ya askari hao hujaa punje nyekundu nyekundu, zimebanana kama zimefungwa ndani ya ganda. Kitabu cha daktari kiliziita kwa jina refu la kuvunja ulimi. Gershom alilikataa.

"Hili ni komamanga," alisema. "Aliyelipa jina lile hakuwahi kula komamanga."

Kitabu kilisema kwamba katika chembe nyeupe mia za mtu mzima wa afya, makomamanga huwa mawili au matatu. Gershom alipowatazama watu wetu, waliokuja kufungwa vidonda tu, alikuta kumi, kumi na tano, pengine ishirini. Akashikwa na hofu kwamba Magogoni nzima ni wagonjwa na hawajijui. Alipompelekea daktari habari hiyo, daktari alimwambia kwamba amekisia vyema. Ni minyoo. Minyoo ya tumboni huyazidisha makomamanga, na minyoo huingia kwa miguu mitupu inayokanyaga penye uchafu. Kitabu kiliandikwa na watu wenye viatu na vyoo.

Nilipolisikia hilo nilipiga meza ngumi hata vioo vikaruka. Saruji ya kujenga maghala bandarini ilipatikana. Saruji ya choo cha Magogoni haikupatikana! Nilitaka tuandike gazetini siku hiyohiyo.

"Andika, Mwalimu," Gershom alisema, akiviokota vioo vyake. "Lakini kwanza nisaidie kufikiri. Daktari ameniambia jambo jingine."

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Katika homa kali, makomamanga huikimbia damu. Homa inapokaribia kugeuka, hurudi, na hurudi kabla mgonjwa mwenyewe hajaona nafuu yoyote. Ulaya, ambako huwa mawili au matatu, nani ataona yakitoweka? Lakini kwetu yanapotoweka ni kama kuingia sokoni ukakuta meza zote tupu. Yaani minyoo yetu, aibu yetu ile, ilikuwa imetupa dirisha ambalo wenye viatu hawakuwa nalo.

Na mafua haya yalihitaji dirisha. Daktari alitueleza kwamba yaletwa na virusi, vijidudu vidogo kiasi kwamba hadubini yetu haikuweza kuviona, wala penisilini haikufua dafu mbele yake.

"Mwizi hatumwoni," Gershom alisema, macho yamemng'aa. "Basi tuitazame nyumba aliyoivunja."

Akaanza kumsumbua kila mtu ampe tone la damu. Watoto walimwimbia "Mumiani! Mumiani!" wakimtania kwa jina la wale wanaosemwa kwamba huwanyonya watu damu wakaiuze. Yeye aliwajibu, "Damu yenu nyepesi kama maji ya mchele, nani ataninunulia?" Watu wazima hawakucheka sana. Lakini mafua yalipozidi, wenyewe walimletea vidole. Akaona kwamba ni kweli. Waliozidiwa, makomamanga yao yalitoweka. Walioelekea kupona, yalirudi, moja, kisha matatu, kisha soko likajaa. Watu wakaanza kumsimamisha njiani. "Gershom, mama yangu vipi? Damu yasemaje?" Naye akaanza kuwajibu kwa sauti kubwa, mikono ndani ya mifuko ya koti, na Kadzo akamwambia mbele yangu, "Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Angalia, baba."

Hakuangalia. Alimtazama kuli mmoja, Randu, akaona wekundu tele katika kioo chake, akamwambia mkewe Randu atoe hofu, mumewe ameshapona. Mke yule akaenda kisimani akiimba. Aliporudi, Randu alikuwa amekata roho.

Sijapata kumwona mtu akifadhaika vile. Watu hawakumpiga, wala hawakumtukana. Waliacha tu kumwuliza. Daktari alimwambia kwamba dalili ya damu husema juu ya wengi, na mtu mmoja anaweza kuikanusha. Neno hilo halikumtosha. Alikitazama tena kioo cha Randu, akaona kwamba kila kitu kimekuwa chekundu kupita kiasi, hata chembe zisizostahili. Akatazama rangi, akanusa, ikawa ni ileile. Akayatazama maji ya kusuuzia. Maji ya kisima chetu yana chumvi na huiharibu rangi, kwa hiyo alitumia maji ya mvua, na siku zile alikuwa ameyahifadhi katika mtungi mpya. Akachovya kidole, akaonja. Yalikuwa makali kidogo, kwa mbali sana. Mtungi haukuwa mpya. Ulitoka kwa mkwewe, Mzee Boga wa Kaloleni, mgema, na kabla ya kupewa Kadzo ulikaa na tembo miaka mingi hata udongo wake ukalinywa. Uchachu ule uliingia majini, na maji yenye uchachu huzidisha wekundu wa rangi. Gershom aliona makomamanga ambayo hayakuwapo.

Nani mwingine duniani angekosea hivyo, ila mtoto wa mgema aliyeoa binti wa mgema?

Aliupeleka mtungi nyuma ya nyumba, akarudi kwenye hadubini yake. Aliendelea kutazama, lakini hakumtangazia mtu tena.

Kisha mafua yakamwangukia Kadzo.

Alianza kwa baridi na maumivu ya mgongo, akasema ni uchovu wa kuuguza wagonjwa wa jirani. Baadaye kifua kikabana. Midomo yake ikawa ya rangi ya zambarau, na kila pumzi aliivuta kama mtu avutaye ndoo nzito kisimani. Daktari alikuja, akampigapiga mgongo kwa vidole, akatuambia tumweke ameketi, tumnyweshe kidogo kidogo, na tusimsogeze hata kidogo, kwa kuwa moyo wake unafanya kazi ya watu wawili. Hospitali ya kisiwani ilikuwa imejaa, watu wamelala hadi barazani. Daktari akaondoka kwenda Likoni, ambako nako walikuwa wakimlilia.

Alasiri ile lori la mbata, nazi zilizokaushwa, likasimama mbele ya nyumba. Dereva wake, Elkana, mtu wa bara, alikuwa ameshusha mbata mjini na alitarajia kurudi Kaloleni mtupu. Wakashuka Mzee Boga na mkewe Mbeyu, na nyuma ya lori niliona godoro la sufi limekwisha kutandikwa.

Gershom alimwamkia mkwewe. Mama mkwe hakumkaribia, maana kwao mama mkwe na mkwe hawakaribiani wala hawasemezani uso kwa uso. Mbeyu aliingia kumwona binti yake, akatoka, akaketi nyuma ya mlango wangu, kisogo kwetu.

"Mkwe," Boga alisema, "tumekuja kumchukua mtoto wetu."

"Baba, daktari amekataza asisogezwe. Njia ya Mazeras ni makorongo matupu. Kila shimo litampokonya pumzi."

"Akibaki hapa, hizo pumzi utampa wewe?"

Kutoka nyuma ya mlango Mbeyu akasema, "Mwalimu, mwambie huyo mkwe wangu kwamba kifungua mimba wangu alifia mjini. Nilirudi kulitafuta kaburi lake nisilione, njia imepita juu yake. Huyu sitamwacha katika mchanga wa ugenini."

Gershom alikuwa ameketi karibu nami, magoti yakigusana. Nilimgeukia, nikamwambia neno kwa neno.

"Mwalimu," akanijibu, "mwambie mama kwamba mimi sitaki azikwe, hapa wala kwao."

Nilimwambia.

"Mwambie nimesikia," Mbeyu alisema.

Boga aliichomoa kotama kiunoni, akaiweka chini ya kigoda, kama afanyavyo mtu anayejua maneno yatakuwa marefu. "Mkwe, wewe si ndiye usomaye damu? Nasikia Kisauni nzima ulikuwa ukiwasomea. Ya mke wako yasemaje?"

Gershom alikuwa ameitazama adhuhuri ile. Nilikuwapo. Nilimvuta ndani kwa kisingizio cha maji ya kunywa, nikamnong'oneza, "Mwambie umeona komamanga. Moja tu. Nani atajua? Ukimwambia kweli, watampakia, na atafia njiani!"

"Nikiiongopea damu leo," alisema, "kesho nitaiuliza nini?"

Akatoka. "Hamna hata moja, baba. Soko ni tupu."

"Basi umesema mwenyewe."

"Nimesema hayajarudi. Sikusema hayarudi."

"Na ya Randu yalirudi," Boga alisema, "na Randu yuko wapi? Habari hiyo imefika mpaka Kaloleni, bwana. Unanitaka nimwache mtoto wangu kwa neno la kioo kilichomwongopea mke wa mwenzako?"

"Kioo hakikuongopa. Ulikuwa ni mtungi wako."

"Mtungi wangu!"

"Ule uliompa Kadzo. Ulikuwa umelinywa tembo. Nilisuuzia humo, uchachu ukanipaka wekundu machoni."

Mzee alisimama. "Wallahi, sijapata kusikia! Sasa tembo langu ndilo lililomuua Randu?"

"Halikumuua. Lilinidanganya mimi."

"Tembo langu humdanganya anayelinywa. Wewe Mkristo ulilitazama tu, likakulevya!"

Elkana, aliyekuwa ameegemea lori, alicheka hata akalishika tumbo, na nadhani hata nyuma ya mlango mtu alicheka kidogo. Boga mwenyewe akaketi tena. Hasira ilikuwa imemtoka kwa upande mmoja, na Gershom akaingilia upande huo.

"Baba, nakuuliza ugema. Umepanda mnazi jioni, umekuta kibuyu kikavu. Wateremka na kuukata shina?"

"Mjinga tu ndiye afanyaye hivyo."

"Kwa nini?"

"Mnazi hauhukumiwi kwa tembo la jioni. Jua limeunyonya mchana kutwa, umechoka. Wakata ukanda mwembamba, waenda zako, waja kuonja la asubuhi. La asubuhi ndilo..." Aliitazama kotama pale chini, kisha akamtazama mkwewe. "Mjanja wewe. Wanitega kwa kamba yangu."

"Nataka tone la asubuhi, baba. Sitaki zaidi."

"Na likiwa kavu?"

Gershom alivua koti lake. Sikumbuki kama nilipata kumwona bila koti lile hadharani kabla ya siku hiyo. "Likiwa kavu, mimi mwenyewe nitambeba mpaka juu ya lori. Sitazuia tena."

Boga alikubali, lakini alitoa masharti yake kama mtu anayefunga mzigo. Atatazama kwa jicho lake. Maji ya kusuuzia atayaonja yeye. Na Mbeyu akatuma neno kupitia kwangu: pamba na kioo chenye damu ya binti yake vitarudi mikononi mwake, avifukie mwenyewe kwao, visilale kwa watu. Gershom aliyakubali yote. Elkana alilalamika kwamba ana mbata nyingine inayomngoja Kaloleni, akaambiwa na Mbeyu, moja kwa moja na bila mjumbe, kwamba mbata haina mama.

Asubuhi yake ndiyo hasa niliyotaka kukuandikia.

Gershom alikuwa ameazima hadubini kwa ruhusa ya zahanati, akaiweka juu ya meza barazani, maana hutumia mwanga wa jua unaoingia kwa kioo chake kidogo cha chini. Jua halikuwapo. Mawingu ya kusi yalikuwa yamelala juu ya minazi. Ndani, Kadzo alikuwa akipumua vilevile, ndoo ileile ya kisimani. Elkana aliwasha injini, akaiacha ikinguruma.

Gershom alimchoma Kadzo kidole, akachukua tone, akalivuta juu ya kioo. Kisha akajichoma na yeye mwenyewe, akatengeneza kioo cha pili.

"Hicho cha nini?" Boga akauliza.

"Ujifunze sura ya komamanga kabla ya kulitafuta. Tena, kama maji yana kasoro, yataharibu vyote viwili nasi tutajua."

Boga alipewa bakuli la maji ya mvua. Aliyanusa. Akatia kidogo mdomoni, akayazungusha, akafumba macho kama afanyavyo juu ya mnazi, akatema mchangani. "Safi," alisema. "Haya hayajawahi kuonana na tembo."

Rangi ikamwagwa, ikangojewa, vioo vikasuuzwa, vikakauka. Kwanza kikawekwa cha Gershom. Mawingu yalipopasuka kidogo, mwanga ukaingia, na mzee akainama. Jicho lake moja lilikuwa na ukungu. Alitumia lile jingine.

"Yapo mengi," hatimaye akasema. "Kumbe kweli yana punje. Yako mengi, mkwe."

"Ni minyoo, baba."

"Mtu mzima wewe!"

Kisha kikawekwa cha Kadzo. Gershom alitazama, akikisogeza kioo polepole, mstari hadi mstari, kama mtu anayelima. Injini ilinguruma. Mbeyu alikuwa amesimama nyuma ya mlango wangu, na niliziona ncha za vidole vyake zimeshika ubao. Mawingu yakafunga, tukangoja, yakafunguka, akaendelea. Nilimtazama usoni nisome, nisisome kitu. Alifika mwisho wa kioo, akageuza, akaanza kurudi. Elkana alipiga honi mara moja, akaona aibu, akatoa mkono.

Gershom akasimama. Alimwonyesha mkwewe kigoda.

Boga aliketi, akainamisha jicho lake zima. Tulisikia anavyopumua kwa pua.

"Hili la pembeni," alisema, "lililobanana punje. Silo?"

"Wewe waonaje?"

"Nauliza wewe."

"Na mimi nakuuliza wewe, baba. Umeyaonja maji, umeona sura. Silo?"

Mzee alitazama tena. "Ndilo," alisema. "Ni moja tu."

"Jana halikuwapo."

"Hilo moja halisemi kwamba atapona."

"Halisemi," Gershom alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua, hata nilidhani ni mtu mwingine aliyesema. "Lasema tungoje."

"Kungoja nakujua," Boga alisema.

Aliinuka, akashuka barazani, akaenda nyuma ya lori. Elkana alidhani anapanda, akakanyaga mafuta. Boga hakupanda. Alilishika godoro la sufi kwa pembe mbili, akalivuta mpaka likamwangukia, akajitwisha kichwani, akarudi nalo kuelekea nyumbani, likimfunika hata mabega, asione njia. Gershom alikimbia na mguu wake ule unaovuta, akashika upande wa pili. Elkana alizima injini.

Katika ukimya ule, kwa mara ya kwanza tangu jana, tulimsikia Kadzo akikohoa, na baada ya kikohozi akiuliza kwa sauti ya kukwaruza kwamba ni nani huyo anayepigapiga honi mlangoni kwa watu.

Mbeyu alitoka nyuma ya mlango. Alikitoa kwenye hadubini kioo cha damu ya binti yake, akakifunga ndani ya leso, akalikaza fundo. Aliwageuzia kisogo wale wanaume wawili waliokwama na godoro penye kizingiti.

"Mwalimu," aliniambia, "mwambie mkwe wangu asiliweke penye upepo."